Mkaushaji wa Magari na Taulo za Maji Baridi

Wasomaji, kwanza nawaomba mnivumilie. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya Laare, na maneno mengine nayaandika kama yanavyonijia masikioni, kwa sababu shule niliiachia darasa la nne na Kiswahili changu kingi nilikiokota uani kwa watu. Naandika polepole. Mbele ya watu siwezi kusema kabisa. Hata nikitumwa dukani husubiri wateja watoke ndipo niingie. Lakini karatasi haina macho, kwa hiyo nitajaribu.

Nataka kuwaeleza habari za mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukausha magari. Jina lake nalijua, ila sitaliandika, maana sijui kama nikiliandika nitakuwa nimemheshimu au nimemshtaki. Sisi tulimwita Mkaushaji. Alifanya kazi katika ua wa tajiri mmoja Mwislamu mwenye malori, hapa mjini Meru. Mama yangu alifua nguo za nyumba hiyo, na nilipotoka shule nikawa namsaidia. Taulo za Mkaushaji zilifuliwa pamoja na kazi yetu, na hivyo ndivyo nilivyomjua.

Ninayo sababu ya kuandika. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni, na kaka yangu Kaaria alikamatwa katika msako akapakiwa kwenye lori. Neno la mwisho tulilo nalo juu yake alilisema mzee huyu. Ni neno fupi. Mama analishika kama fimbo ya kutembelea. Mimi nimeligeuza na kuligeuza na bado sijui nilitie wapi.

Nianze na taulo.

Mkaushaji alisema kuosha gari si kazi, hata mvua huliosha. Gari huharibika likishakuwa safi, mtu anapoona ameshamaliza na kuchukua kitambaa chochote kilicho karibu. Yeye hakuchukua chochote kilicho karibu. Taulo zake alizichagua kwa mashavu. Naam, kwa mashavu: aliikunja taulo, akaiweka shavuni, akafumba macho, kama mtu anayesikiliza ukuta. Ikimchoma hata kidogo, ilishushwa daraja. Taulo laini nyeupe zilikuwa za vioo na za mgongo wa gari. Zile za kijani zilizochakaa zilikuwa za milango. Magurudumu yalikuwa na kitambaa chake cha kaki, ambacho hakikuruhusiwa kulala katika karai moja na taulo nyingine.

Alikata upindo wa kila taulo kwa wembe, maana alisema uzi wa upindo ni mgumu na unaacha mistari kwenye rangi. Mama alikuwa akiumia kuona taulo nzuri inakatwa ukingo. Kwake kitu kisicho na upindo ni kitu cha maskini. Mkaushaji naye hakusugua hata siku moja. Aliitandaza taulo juu ya boneti kama unavyomfunika mtoto aliyelala, akaiacha inywe, kisha akaivuta kwake polepole, moja kwa moja, bila kuzungusha mkono. Aliikunja tena ili uso mkavu uje juu, akavuta tena. Alianza juu kwenye paa na kuteremka, kwa sababu maji nayo huteremka. Jua likiwa kali alilisukuma gari kivulini kwanza. Alisema jua hukausha maji na kuacha chumvi yake, na doa la tone lililokaukia juani huwa kama kovu la tetekuwanga.

Taulo ikianguka chini ilikuwa imekufa siku hiyo. Hakuikung'uta. Aliiokota kwa vidole viwili akaileta kwetu. "Mwari," aliniita, neno ambalo kwao na kwetu ni moja, binti, "hii imeokota mchanga. Uichemshe mpaka isahau."

Kuchemsha, hilo mlishike. Taulo zake zote zilichemshwa. Debe letu lilikuwa juu ya mafiga matatu nyuma ya jiko la tajiri, na Mkaushaji alikuja mwenyewe kutazama kama maji yanatokota. Alisema mafuta ya gari hayatoki kwa maji ya uvuguvugu na mchanga hauachii. Mama alimwambia yeye alikuwa anafua kabla Mkaushaji hajaona gari. Alikubali, kisha akachungulia debe.

Siku nyingine tajiri alimwona anachagua taulo shavuni akacheka, akasema, "Mzee, hilo ni bati na chuma, si mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga akikwaruzwa anapona, tajiri," akajibu. "Rangi haiponi."

Tajiri alilipenda neno hilo akalirudia msikitini, nikasikia watoto wake wakilisema wakicheza.

Lakini yeye mwenyewe alijifuta uso kwa kitambaa cha magurudumu. Hilo sikulielewa kamwe. Taulo zikiwa zimepangwa pale, safi, yeye alichukua kile cha kaki chenye grisi akajifuta jasho, na alirudi nyumbani ana mstari mweusi kwenye paji la uso. Shati lake lilikuwa limekatika kola. Na jambo jingine: hakuweza kupanda gari. Tumbo lake halikukubali. Aliwahi kupandishwa kwenye gari dogo jeusi la tajiri, lile alilokuwa analikausha mpaka ukajiona ndani ya mlango wake, na kabla halijafika sokoni akaomba ashushwe, akatapika shimoni mwa barabara. Tangu hapo kila mahali alikwenda kwa miguu. Watu walicheka. Alisema tu gari anapenda kulitazama likiwa limesimama.

Kwao ni nchi kavu ya Embu, kule chini kwa wafugaji wa mbuzi. Huko maji yanabebwa kwa punda. Nilijiuliza mtu wa kutoka mahali pasipo na maji alijifunzia wapi mambo ya kukausha. Mama alisema labda ndiyo sababu, mtu wa huko hawezi kuona tone likipotea ovyo. Sijui. Mkaushaji alipoulizwa alisema alijifunza kwa kuharibu.

Niwaeleze siku ya wanga. Kulikuwa na ofisa mmoja Mzungu aliyeleta gari lake kuoshwa kwa tajiri kwa sababu uani palikuwa na bomba. Siku moja akaja na taulo yake mpya, nene, ya kupendeza, akamwambia Mkaushaji atumie hiyo. Mkaushaji aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka shavuni, akaikunja, akaiweka kando, akakausha gari kwa taulo zake kuukuu. Askari wa yule ofisa akamwuliza kama anaidharau mali ya Bwana.

"Siidharau. Haijajifunza kunywa," alisema. "Taulo mpya inasukuma maji tu, na inamwaga manyoya. Nitaipeleka shule."

Shule ilikuwa kwetu. Tuliifua, tukaianika, tukaifua. Lakini mama, kwa kuwa alijua ni ya Mzungu, na kwa kuwa kanzu za tajiri huwa anazitia wanga wa muhogo zikasimama zenyewe, aliona aibu kuirudisha imelegea. Akaitia wanga. Ilipokauka ilikuwa kama ubao wa mkate. Mkaushaji aliishika kwa ncha moja na ile ncha nyingine haikuanguka.

"Mama Kaaria," alisema, "umenipa taulo au umenipa mlango?"

"Hiyo ni ya Mzungu. Mzungu hapendi kitu kilichozimia."

"Basi na tumpigie msumari, aingie na kutoka."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Nimeandika hilo kwa sababu watu wanasema Mkaushaji na mama walikuwa na uadui tangu mwanzo. Si kweli. Walicheka pamoja. Kaaria alikuwepo siku hiyo, alikuwa amekuja kutoka Kianjai kutuletea viazi vikuu, akaivaa ile taulo kichwani kama bati la nyumba akatembea nayo uani. Mama alimwambia aangalie asikanyage nguo zilizoanikwa majanini, kwa sababu Kaaria alikuwa na miguu mikubwa kupita urefu wake. Viatu vya duka havikumwenea. Mama husema, "Mimi nilizaa miguu, mtu akaja baadaye."

Sasa watu waliomsema Mkaushaji.

Homugadi, wale walinzi wa vijijini waliowekwa na serikali, walimsema kwanza. Taulo zake alizianika ua mzima, nyeupe hapa, kijani pale, kaki mwishoni, na homugadi mmoja akasema hizo ni alama, anawaonyesha watu wa msituni siku ya askari kutoka na siku ya kukaa. Walikuja wakazivuta zote zikaanguka matopeni, wakamwuliza maana ya rangi. Akawaeleza. Alianza na vioo. Aliwaeleza jinsi manyoya ya taulo yanavyoshika kwenye kioo, kisha upindo, kisha kwa nini paa hutangulia mlango, na mmoja alipotaka kuondoka alimshika mkono akamwambia bado hajafika kwenye magurudumu. Walikwenda zao. Wengine uani walisema huo ulikuwa ujanja mkubwa, na kwamba alama zilikuwa alama kweli. Mimi nilikuwa pale na niliona alivyokuwa anaeleza. Aliona raha. Lakini je, mjanja haoni raha?

Upande wa pili nao walimsema. Walisema yeye ni mbwa wa serikali, anang'arisha magari ya wanaotukamata. Ni kweli aliyakausha. Yalikuja na matope ya msituni mpaka kwenye vioo na yaliondoka yanang'aa. Dada mmoja muuza ndizi alimwuliza waziwazi mbele ya lango kama haoni haya. Alimjibu kwamba gari halijui limembeba nani. Yule dada akasema, "Lakini wewe unajua." Mkaushaji alikunja taulo aliyoshika, akaikunjua, akaikunja.

Na mtu huyohuyo, mvua kubwa iliponyesha na wanawake wa sokoni wakakimbilia kibandani mwetu, alichukua taulo nyeupe ya vioo akamkausha kichwa bibi kizee mmoja aliyekuwa anatetemeka. Alimkausha kama anavyokausha boneti, kwa kutandaza na kuvuta. Kisha akamgombeza kwamba mafuta ya nywele zake yameiharibu taulo na sasa itaacha ukungu kwenye kioo. Bibi akamwambia angemwacha na baridi yake basi. Wote wawili walikuwa wamekasirika kwelikweli.

Nafika kwenye lori.

Serikali iliazima malori ya tajiri ilipotaka. Dereva wa tajiri alinyang'anywa ufunguo na askari akaendesha mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu wa uani aliyejua lori limekwenda wapi. Lile la kijani lilichukuliwa siku ya soko la Kianjai. Lilirudi asubuhi ya kesho yake, mvua imekwisha kunyesha, likaachwa langoni. Tajiri akasema lioshwe mara moja, kwa sababu mchana lilikuwa lipakie magunia ya mahindi.

Mimi nilitoka nyuma na kikapu cha taulo. Mkaushaji alikuwa amesimama juu ya lori, ndani, kwenye sakafu ya mbao, ameivua kofia. Hakuwa amemwaga maji bado. Alikuwa anatazama chini. Nilipokaribia alisema, "Usipande, mwari. Weka hapo," bila kunigeukia.

Kwa kawaida sakafu ya lori haikaushwi. Inamwagiwa maji, inafagiliwa, inaachiwa jua. Taulo ni za kichwa cha lori tu. Siku hiyo alimwaga maji, akafagia, kisha akapiga magoti akakausha sakafu. Na alikausha kwa zile nyeupe. Za vioo. Nilisimama pale nikifikiri amekosea kikapu, na kwa sababu ya haya yangu sikumwambia. Baadaye niliwaza pengine ni kwa ajili ya magunia, mahindi yasipate unyevu. Hiyo ni sababu nzuri. Lakini zile za kijani zilikuwepo, na za kaki zilikuwepo.

Aliteremka akaniletea karai lenye zile taulo, zimekunjwa uso ukiwa ndani.

"Leo maji baridi," alisema. "Usitie hata kikombe kimoja cha moto."

Nilikwenda kwa mama nikamwambia Mkaushaji anasema maji baridi. Mama alikuwa anachochea moto chini ya debe. Aliacha kuchochea. Sisi wafuaji tunajua kitu gani hufuliwa kwa maji baridi, na kila mwanamke anajua. Kitu hicho ukikimwagia maji ya moto kinakaa milele. Mama alichota maji bombani akazilowesha mwenyewe, na maji yakawa mekundu.

Lakini ndugu zangu, ninyi mnaoujua udongo wa Meru mnajua pia kwamba kila kitu hapa maji yake ya kwanza ni mekundu. Soksi za watoto wa tajiri ni nyekundu. Miguu yetu ni myekundu. Wakati wa mvua hata kondoo ni wekundu. Mimi nilitazama lile karai na nikaona udongo, kisha nikatazama tena nikaona kitu kingine, kisha mama akayamwaga.

Mchana ule lori limekwisha kuondoka na magunia, alikuja mwanamke wa Kianjai anayetujua. Alisema watu walikamatwa sokoni wakapandishwa lori la kijani la tajiri, na Kaaria alikuwa miongoni mwao, alimwona kwa macho yake akipanda.

Mama alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mkaushaji. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alianza kumweleza: Kaaria, shati la kahawia. Mkaushaji hakumwacha amalize.

"Mama Kaaria," alisema, "alishuka kwa miguu yake."

Ndilo neno lenyewe. Mama alimshukuru, akampa mkono. Mimi nilikuwa natazama ile kofia yake, ambayo alikuwa bado hajaivaa. Yeye hakuwa kwenye lori. Lori lilikuja tupu. Alimwona nani, akishuka wapi?

Mama alikwenda kuuliza ofisini. Alijibiwa kwamba jina halipo, labda lipo Embu. Kwenda Embu kulihitaji cheti cha ruhusa, na cheti hakikutolewa. Tangu hapo amekuwa akiweka chakula cha Kaaria pembeni, na lori likipita limebeba watu yeye hatazami nyuso. Anainama kidogo anatazama miguu.

Mkaushaji alibadilika. Zile taulo nyeupe hazikurudi kwetu tena, alizifua mwenyewe bombani. Alikuwa bado anavuta moja kwa moja, bado anaanza juu. Lakini aliacha kuziweka shavuni. Kisha mwaka huohuo aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akaipata kwa msaada wa tajiri, akaondoka kwa miguu kuelekea Embu, safari ambayo lori huilalamikia. Za kijani na za kaki alituachia. Nyeupe alikwenda nazo. Watu wa uani walisema maneno yote mawili kama kawaida yao, wengine kwamba amekimbia msitu, wengine kwamba amekimbia serikali.

Sasa vizuizi vimelegezwa. Cheti hakiulizwi tena njiani, na watu wanarudi kutoka kambini, wamekonda, wengine hawataki kukaa ndani ya nyumba. Kaaria hajarudi. Mwezi uliopita tajiri alikuwa na mzigo wa Embu nami nikamwomba dereva anichukue, kwa sauti ndogo hata ikabidi aniambie nirudie. Mama alinifungia ndizi za kuchoma. Sikumwambia nakwenda kwa nani, ila alisema, "Msalimie," kwa hiyo alijua.

Kutoka Embu mjini nilitembea kuteremka mpaka udongo ukaacha kuwa mwekundu ukawa wa kijivu. Nilimkuta nyumbani kwake, mzee kuliko nilivyotarajia, anatengeneza mzinga wa nyuki. Hakuuliza nimefuata nini. Mke wake alileta uji na asali, na Mkaushaji akanyanyuka kuninawisha mikono kwa kibuyu, maji kidogo, kama inavyotakiwa kwao. Kisha akaingia ndani akatoka na taulo akanipa nijifute.

Ilikuwa nyeupe. Haikuwa na upindo.

Nilibaki nimeinua mikono inadondoka maji. Sikujua nijifute au nisijifute. Taulo ilikuwa safi, ila pembeni ilikuwa na rangi kama ya chai iliyozimuliwa, na hiyo yaweza kuwa ni asali, maana nyumba nzima ilikuwa asali. Aliiona mikono yangu. Akaketi, taulo magotini.

Nilimwuliza. Ni mara chache maishani nimeuliza mtu mzima kitu. Nilisema, "Mzee, siku ile ulisema maji baridi."

"Nilisema."

"Na ulimwambia mama alishuka kwa miguu yake. Ulimwona?"

Mke wake alichukua kibuyu akaondoka.

"Sikuona mtu," Mkaushaji alisema. "Niliona miguu. Miguu mitupu, ya matope, imejaa sakafuni, midogo na mikubwa, na vidole vyote vimetazama mlango wa nyuma. Watu walikuwa wanashuka. Huo ndio ukweli, mwari, nimeuona kama ninavyokuona." Akaigeuza taulo upande mwingine. "Na palikuwa na mahali pamoja, pembeni karibu na kichwa cha lori, ambapo hapakuwa na alama ya mguu. Palikuwa na alama ya kitu kilicholala. Miguu ilikuwa imepazunguka, hakuna aliyekanyaga."

"Alikuwa nani?"

"Ningejua, ningemwambia mama yako. Lori zima walikuwa na mama zao. Mimi nilikuwa na maneno mawili nikamwuzia moja. Lingine nilikuja nalo huku." Kisha akasema kwa sauti ya uani, ile ya kugombeza, "Sikuweza kupatandazia taulo ya magurudumu. Ungeweza, wewe?"

Nilisema hapana.

Nilitazama mikono yangu nikaona imekauka yenyewe. Huko jua ni kali na hewa inakunywa. Alikunja ile taulo, uso ukiwa ndani, akairudisha.

Alinisindikiza mpaka njiani kwa miguu, mbali sana, tukizungumza tu jinsi mvua ilivyokawia. Wakati wa kuagana alinipa chupa ya asali ya mama, akaniambia nimwambie mama ninavyoona vema. Mimi sijawahi kuachiwa jambo la kuamua kiasi hicho, na nilimkasirikia, na nilitaka kumshika mkono, na lori la tajiri likawa linanisubiri.

Mama alikuwa bombani. Aliuliza, "Amesema nini?"

Nilisema, "Amesema miguu ilikuwa mingi, mama. Midogo na mikubwa. Vidole vilitazama nje."

Aliendelea kukamua shuka. Alilikamua mpaka halikuwa na tone. Kisha akasema, "Miguu ya Kaaria ni mikubwa," akalianika.

Sijui kama nimemwuzia mama neno moja kama alivyofanya yeye. Sijui kama mzee yule alitutendea wema au alitufunga kamba. Nikimfikiria namwona anachagua taulo kwa shavu, kisha namwona amepiga magoti kwenye lori, na sijui kumwunganisha.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mtakaosoma. Wapo kati yenu, au ndugu zenu, waliopakiwa lori la kijani siku ya soko la Kianjai, msimu wa mvua, wakashushwa kabla hakujakucha mahali nisipopajua. Mlishuka kwa miguu yenu, alama zenu zilionwa. Mmoja hakushuka. Mnajua alikuwa nani, kwa sababu mlimzunguka bila kumkanyaga. Kama alikuwa kijana wa shati la kahawia mwenye miguu mikubwa, niandikieni. Kama alikuwa wa mama mwingine, niandikieni pia, ili naye aambiwe. Mhariri atanifikishia. Msiogope mwandiko wenu, mmeuona wangu. Barua nitaisoma mwenyewe kwanza, polepole, kisha nitaamua namna ya kumwambia mama, kama nitachemsha maji au nitayaacha baridi.